Mpishi wa Hospitali na Mikebe ya Wajukuu

Mzee alikuwa amewapikia wagonjwa maisha yake yote ya kazi, na kazini hakuwahi kupika chakula cha watu chini ya mia mbili. Jiko la hospitali aliloliongoza lilikuwa na masufuria ambamo mtu mzima angeweza kuoga, miiko mirefu kama makasia, na kidirisha ukutani ambacho chakula kilipitia kwenda wodini. Baada ya saa moja sahani zilirudi kupitia kidirisha hichohicho. Nyingine zilirudi tupu, nyingine nusu, nyingine kama zilivyokwenda. Zilizorudi zimejaa hazikumsumbua. Mgonjwa hana hamu, alisema, akaendelea na kazi.

Alipostaafu, binti yake alikuja kumchukua akaishi naye. Binti huyu alikuwa mwalimu wa udereva, na mumewe alifanya kazi mbali, akirudi nyumbani mara mojamoja. Wanafunzi wake walitaka kujifunza kabla hawajaingia maofisini, kwa hiyo alitoka alfajiri, na kabla ya kutoka aliwafungia watoto wake wawili chakula cha kula shuleni wakati wa mapumziko. Kuwafungia ni neno la heshima tu. Alitupia pakiti ya krispi na juisi ya boksi katika kila mkebe, akabana kifuniko kwa kiwiko huku mkono mwingine ukitafuta funguo za gari.

Mzee aliona hayo kwa wiki nzima akiwa amekaa kimya na kikombe chake cha chai. Mwishowe uvumilivu ukamwisha. Akamwambia binti yake kwamba haiwezekani baba mpishi akae nyumba moja na wajukuu wanaolishwa upepo ndani ya pakiti. Yeye angepika Jumapili, mara moja, vitafunwa vya wiki nzima, vyenye afya na visivyoumiza mfuko. Vingekaa kwenye friza, na kila asubuhi ingekuwa ni kutoa na kutia mkebeni.

Binti alifurahi mpaka akambusu kipaji cha uso. Halafu wasiwasi ukamwingia.

"Baba, kumbuka ni watoto wawili tu."

"Kuhesabu najua," mzee akajibu.

Kuhesabu alijua kweli, ila mikono yake haikujua. Jumamosi jioni alikwenda sokoni wakati wauzaji wanafunga, akanunua kwa bei ya kutupa ndizi zilizoiva kupita kiasi, karoti zilizopinda ambazo hakuna aliyezitaka, na viazi vitamu vya kila umbo. Mzigo ulirudi nyumbani kwa mkokoteni. Kesho yake aliamka akakwaruza karoti mpaka meza ikawa ya rangi ya machungwa, akaponda ndizi, akachanganya na unga usiokobolewa ndani ya karai jipya la kufulia, kwa sababu hakuna bakuli katika nyumba ile lililomtosha. Oveni ya binti yake ilikuwa na ukubwa wa redio. Alioka trei baada ya trei tangu chai ya asubuhi mpaka watoto walipoitwa kuoga. Keki ndogondogo zilijaa mezani, juu ya kabati, na kwenye ubao wa kupigia pasi.

Friza ilikataa kufunga. Samaki walitolewa, barafu ikatolewa, na bado mlango ukaachama. Mwishowe binti alikwenda garini akarudi na kamba ya kuvutia magari yaliyoharibika, akaifunga friza kiunoni kama mtu anayefunga mzigo wa kuni. Jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyekuja kuomba kiberiti, aliona karai, akaona kamba, akaenda kuwasimulia wenzake. Tangu siku hiyo mtaa mzima ulimwita Mzee Karai.

Sasa, keki zile zilikuwa na afya kiasi gani? Hazikuwa na sukari wala mafuta ya kuonekana. Chumvi pia hakutia, na hapo sitii chumvi mimi pia. Hospitalini mmoja ana presha, mwingine kisukari, wa tatu ametoka kufanyiwa upasuaji wa tumbo, na chungu ni kimoja, kwa hiyo mzee alikuwa amejifunza kupika chakula kisichoweza kumdhuru mtu yeyote.

Jumatatu mikebe ilikwenda shuleni imejaa, ikarudi imejaa.

Wajukuu wenyewe walikuwa hivi. Mkubwa alikuwa msichana mwenye maneno kuliko redio ya taifa, na nyumbani wakamwita Wakili. Mdogo wake alikuwa ameng'oka meno yote ya mbele kwa mpigo, wakamwita Kijino, ingawa kijino chenyewe hakikuwapo. Mzee alifungua mikebe yao, akaona keki zake zimekaa vilevile, akafanya alichozoea kufanya. Akawagusa vipaji vya nyuso, mmoja baada ya mwingine, kuona kama wana homa. Hawakuwa nayo. Hata hivyo aliamua kwamba matumbo yao hayako sawa, na Jumanne akawatilia kitu laini zaidi: viazi vitamu vilivyochemshwa na kupondwa. Vikarudi. Jumatano akaviponda tena, akaongeza maji kidogo.

Alhamisi mwalimu wa darasa la Wakili alipiga simu. Binti alikuwa garini na mwanafunzi wake, karibu na mzunguko wa barabara. Akamwamuru aegeshe pembeni ndipo akapokea. Mwalimu aliuliza, kwa sauti ya upole iliyopitiliza, kama watoto wanaendelea vizuri. Maana shuleni wamewaonea huruma sana. Kila siku wanakuja na chakula cha wagonjwa, wenzao wamewachorea kadi za kuwatakia nafuu, na yule mkubwa amesamehewa mbio za mchana wiki nzima.

Jioni binti alimketisha Wakili sebuleni na kumuuliza kwa nini aliwadanganya watu kuwa anaumwa.

"Sikusema naumwa," Wakili akajibu. "Mwalimu aliuliza mbona tunakula hivi. Nikasema babu yetu ametoka hospitali. Si ametoka hospitali?"

Binti alijaribu kununa, akashindwa, akajifanya anakohoa. Lakini mzee hakucheka. Alikuwa amesikia yote kutoka jikoni, na uso ulikuwa umemshuka. Yeye, aliyesifiwa na madaktari, chakula chake kinahurumiwa na watoto? Binti alimsihi apunguze gia, akamwambia wangezungumza polepole, hakuna haraka. Mzee hakutaka polepole. Alisema kesho atakwenda mwenyewe shuleni, aone kasoro iko wapi, kwenye chakula au kwenye malezi.

Ijumaa aliwatilia tena keki zilezile, akavaa koti. Mwalimu alimpokea mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja kutazama watoto wakila."

Mwalimu hakuwahi kupata ombi kama hilo, lakini hakuona ubaya. Akamkalisha nyuma ya darasa, ambamo wadogo nao walikuja kula na wakubwa wao, kwenye kiti cha mtoto, magoti yakakaribia masikio. Kengele ya mapumziko ikalia.

Mzee akatazama. Kijino alifungua mkebe wake, akatoa keki, akaikandamiza kwa kidole gumba mpaka ikawa bapa, akaipa magurudumu manne ya vipande vya karoti, akaiendesha juu ya dawati na mlio wake. Ilipogonga ukingo akatengeneza nyingine. Ajali zilikuwa nyingi. Wakili, upande wa pili, alikuwa anafanya biashara. Alimpa jirani yake keki mbili kwa kipande cha yai la kuchemsha, akakataliwa. Akapandisha hadi tatu. Msichana mwingine alichukua keki, akainusa, akauliza kama ukiila ni lazima uchomwe sindano baadaye. Darasa likavunjika mbavu. Wakili alimwona babu yake kule nyuma, akaacha biashara, akatia keki nzima mdomoni na kuitafuna kwa bidii, macho yamemtoka. Alikuwa anamtendea wema, na mzee alilijua hilo.

Katika miaka yote ile ya hospitali hakuwahi kumwona mgonjwa hata mmoja akila chakula chake. Alikitia kidirishani, kikaenda, sahani ikarudi. Hakuwahi kuuona mdomo wenyewe. Na hawa watoto walikuwa wazima kabisa. Walikuwa wanarukaruka. Hakuwa na mgonjwa wa kumsingizia.

Walipotoka uwanjani, alimshika Wakili mkono, na walipofika mbali na wenzake akamuuliza chakula chake kina kasoro gani. Akamwambia aseme kweli, hatakasirika.

Wakili alifikiri kwa makini, kama ilivyo kawaida yake.

"Hakina kitu kibaya, Babu. Ila hakina kitu."

Mzee alirudi nyumbani kwa miguu. Alifungua kamba ya friza, akapasha keki moja, akakaa mezani akaila yote, akitafuna taratibu kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kazini alikuwa akionja kuona kama chakula kimeiva na kimepoa. Kama ni kitamu, hakujiuliza. Alipomaliza alikunywa maji, akakubali shingo upande kwamba mtoto amesema kweli.

Watoto waliporudi aliwaita jikoni, akawaketisha kwenye vigoda, akawauliza wanapenda nini. Aliliuliza swali hilo kwa shida, kwa sababu lilikuwa geni kinywani mwake. Nao walistaajabu, wakadhani ni mtego.

Wakili alitaka kitu kinacholia kinapotafunwa, chenye ukali wa ndimu. Kijino alieleza, kwa mifano, kwamba yeye anatafunia pembeni, kwa hiyo keki ya mviringo inamletea taabu. Alitaka kitu kirefu kama kidole, laini, kitamu, kinachoingia kwa ubavu. Mzee aliwapikia watu wenye kila aina ya maradhi, lakini hakuna aliyewahi kumpa maelekezo ya ufundi kiasi hicho.

Jumapili akaanza upya. Safari hii karai lilibaki bafuni. Alikata viazi vitamu vyembamba kama karatasi, akavikamulia ndimu, akashika chumvi. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba mkono wake haujui chumvi inaishia wapi. Trei ya kwanza ilipotoka, nyumba nzima ilionja na kukimbilia mtungi wa maji, na binti akasema hata bahari ina huruma kuliko hiyo. Ya pili ikapungua chumvi mno. Ya tatu ikalia mdomoni kwa Wakili kama changarawe chini ya tairi, na Wakili akafumba macho. Kisha akanyoosha mkono kuchukua kingine kabla hajameza cha kwanza.

Za Kijino alizioka ndefu, kwa ndizi na karoti zilezile, akazitia mdalasini na zabibu kavu. Na ule mlima uliokuwa ndani ya friza? Mzee hakuwa mtu wa kutupa chakula. Alizikata zile keki vipande vyembamba, akazinyunyizia mdalasini, akazirudisha ovenini mpaka zikakauka na kuwa za kuvunjika. Zikawa tamu kuliko zilivyowahi kuwa katika maisha yao ya kwanza.

Wiki hiyo mikebe ilirudi mitupu. Mzee hakuamini haraka. Alichungulia hata mifuko ya sare zao. Jumatano mwalimu akapiga simu tena, safari hii akiomba Wakili aonywe, kwa sababu amepandisha bei ya vipande vyake mpaka mtoto mmoja ametoa rula mpya kwa vinne. Tena akaarifu kwamba, kwa kuwa Wakili amepona, amerudishwa kwenye mbio za mchana. Wakili alilalamika kwa siku mbili mfululizo kwamba hakupewa nafasi ya kujitetea.

Jumapili iliyofuata binti alikuwa amepumzika, amejinyoosha kwenye kiti cha jikoni akimtazama baba yake akipanga trei. Mzee aligeuka, kitambaa begani.

"Na wewe je, mwanangu? Wewe unapenda nini?"

Binti alicheka, akasema yeye anakula chochote. Mzee akaendelea kusubiri, mwiko mkononi, na binti akaona kumbe ni swali kweli. Akatazama sakafuni kidogo.

"Kingo za keki zilizoungua," akasema. "Zile za pembeni, nyeusi kidogo. Nilipokuwa mdogo, ulikuwa unazikata kabla hatujafika mezani. Nilikuwa nikiziokota kwenye pipa."

Mzee alitia trei ovenini, akafunga mlango, akavuta kigoda akakaa. Wakazungumza habari za mwanafunzi mmoja aliyegonga lango la chuo cha udereva chenyewe. Baada ya muda harufu ikaanza kusambaa, na Kijino akaja mbio kutoka sebuleni.

"Babu, inaungua!"

"Najua," mzee akasema. "Iache kidogo."