Kicheko Ndani ya Eda

Mume wangu alikufa kwa homa katika mwaka wa pili wa ndoa yetu, miaka ya themanini ikianza. Nikakaa eda nyumbani kwao Shella, Malindi, katika chumba cha ndani, chini ya uangalizi wa mavyaa, mamake marehemu. Dirisha lilitazama ukuta wa jirani. Kila ufa wa ukuta ule niliujua.

Wageni walikuja kunipa pole wakasema yaleyale, kwamba kazi ya Mola haina makosa. Niliitikia. Lakini moyoni nilikuwa nikiuliza: kwa nini mtu aumbwe, afundishwe useremala, apendwe, kisha homa ya siku chache iyamalize yote? Swali hilo sikuwa na wa kumwuliza.

Wifi yangu, dadake marehemu, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Barani. Alasiri moja alikuja na kitabu cha Kiingereza kilichoachwa na mtalii hotelini, hadithi ya safari ya anga za juu. Akawa anasoma kimya ukurasa baada ya ukurasa, kisha ananisimulia kwa Kiswahili. Chombo kiliendeshwa na mashine inayoogopa giza, na huko angani ni giza tupu, kwa hivyo wasafiri hawakuwa na kazi ila kuibembeleza. Walikuwa wakitafuta sayari yenye afisi inayojibu kwa nini binadamu yupo.

Walipofika, walikuta foleni. Watu walikuwa wamezaliwa humo, wakaoana humo, wakazikwa kando yake. Mzee mmoja akafika dirishani. Karani akamwuliza, "Swali lako?" Mzee akafikiri, akafikiri. Swali aliachiwa na babu yake, naye amelisahau. "Basi rudi nyuma kabisa," karani akasema, "ukilikumbuka uje."

Nikacheka. Sikukusudia. Kicheko kilinitoka kama kikohozi, na nilipojiziba kwa upindo wa leso kikazidi. Wifi naye hakujiweza. Ukumbini walikuwapo wanawake wawili waliokuja kumjulia hali mavyaa. Mazungumzo yao yakakatika.

Walipoondoka, mavyaa aliingia. Hakupaza sauti.

"Mwanangu hajamaliza mwezi kaburini," akasema. "Mwacheka nini?"

"Ni hadithi tu, mama," wifi akajibu.

"Kesho mji mzima utajua kuwa mjane wake anacheka."

Akakichukua kitabu, akatoka nacho. Zikafuata siku ambazo nilidhani kuta zimesogea. Mavyaa alileta chakula, akakiweka, akaenda zake. Nilijiona mkosaji, kisha nikajiona mfungwa, kisha nikawa sijioni kabisa.

Adhuhuri moja akaketi nami kuchambua mchele.

"Yule mzee," akasema bila kuinua macho. "Alilikumbuka swali lake?"

Kumbe alisikia yote. "Sijui, mama. Hatukufika hapo."

Akatupa kijiwe. "Mimi langu sijalisahau. Miguu yangu hii imekwisha nguvu zamani, na mwanangu alikuwa akipanda mapaa ya watu. Kwa nini yeye? Nikiuliza, naambiwa nisikufuru."

Tulichambua hadi mchele ukaisha.

Siku ya pili mavyaa alimwita wifi, akamrudishia kitabu. Mlango ukafungwa, akasimulia kwa sauti ya chini, mavyaa amejilaza kitandani pangu. Alicheka mara moja tu, mashine ilipoomba iachiwe taa. Tulipofika mwisho, wasafiri walikuwa bado kwenye foleni. Mwandishi aliishia hapo.

"Ametupeleka kote huko naye hana jibu?" mavyaa akauliza, amekasirika kweli.

Eda ilipokwisha nilioga, nikavaa buibui, nikatoka peke yangu kwenda dukani. Jua lilinichoma macho. Watu waliponiona walipunguza sauti, na rafiki wawili wa marehemu wakageukia upande mwingine. Kabla sijafika dukani niligeuka. Nikarudi. Mavyaa aliniona mikono mitupu. Akasogea kidogo kwenye mkeka, nikaketi.