Tangawizi ya Mdogo Wangu

Ripoti ya mdogo wangu ilikuja nyumbani bila namba. Mama aliigeuza mbele na nyuma, kisha akanipa.

“Amekuwa wa ngapi?”

Nilitafuta. Mimi niliishia darasa la saba, na ripoti zetu zilikuwa na nafasi: wa kumi na tisa kati ya arobaini. Hii ilikuwa na maneno tu. Kusoma, amefikia kiwango. Hesabu, amefikia kiwango. Kilimo kwa vitendo, hajafikia kiwango.

“Kilimo?” Mama alicheka. “Mtoto wa Upareni hajui kilimo?” Halafu akaacha kucheka. Alisema kama mtaala mpya ndio huo, basi Januari mdogo wangu atahamia Same kwa mama mdogo, akasome mjini. Mdogo wangu ana miaka kumi na hajawahi kulala nje ya nyumba yetu. Aliingia jikoni akajibanza nyuma ya kuni.

Kikao cha wazazi kiliangukia siku ya gulio, kwa hiyo mama alinituma mimi. Nilimwambia siwezi kusema mbele za watu.

“Basi andika.”

Niliandika tangu chai ya asubuhi mpaka nikachelewa. Ilitoka mistari mitatu, ya kuuliza mdogo wangu amekosea nini kwenye kilimo.

Kikaoni baba mmoja aliuliza, “Kama hakuna wa kwanza, zawadi anapewa nani?” Mwingine akadakia, “Kwanza tuambieni, darasa la saba limefutwa au lipo?” Mwalimu alijibu kwa upole, na kila jibu lilikuwa na neno umahiri. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Bibi aliyekaa karibu nami akaninong'oneza:

“Umeelewa, mjukuu wangu?”

“Hapana, bibi.”

“Hata mimi. Wewe tikisa kichwa, twende nyumbani.”

Watu walipotawanyika nilimwamkia mwalimu, nikampa karatasi yangu. Aliisoma, akanipeleka kwenye bustani ya shule. Kila mwanafunzi alikuwa na shina lake la tangawizi. Udongo wa mdogo wangu ulikuwa umechimbuliwa.

“Niliwaambia wautunze mmea,” alisema. “Yeye akaufukua.”

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kwetu, tangawizi ikishachipua vizuri, tunafukua pembeni taratibu, tunavunja kile kipande cha zamani tulichopanda, tunakiuza au tunakitumia, kisha tunafukia. Mmea haufi. Mdogo wangu anaifanya kazi hiyo tangu hajaanza shule.

Nikapiga magoti, nikafukua kwa vidole, nikamwonyesha tangawizi changa nyeupe na mahali palipovunjwa.

“Na kile cha zamani kiko wapi?”

“Tulikinywea chai, mwalimu.”

Alinitazama. Kwao Singida wanalima alizeti, alisema, hili hakulijua. Akafungua mwongozo wake, akausoma kwa sauti: mmea usisumbuliwe mpaka mavuno. Aliugeuza mbele na nyuma, kama mama alivyofanya.

“Anajua kuliko mimi. Lakini hapa pameandikwa hivi. Wewe ungempa nini?”

Sikuwahi kuulizwa jambo kama hilo na mwalimu. Nikamnyooshea ripoti niliyokuja nayo. Akaichukua, akakata neno hajafikia, juu yake akaandika amefikia, kwa penseli. Alisema kwanza atawauliza wakubwa wake.

Mama alirudi kutoka gulioni, akaishika ripoti kwenye mwanga wa mlango.

“Sasa amefaulu au amefeli?”

“Ameandika kwa penseli, mama.”

Alifikiri. “Basi abaki. Simpeleki mtoto Same kwa jambo ambalo hata mwalimu mwenyewe hana uhakika nalo.”

Mdogo wangu akatoka jikoni na majivu magotini.

“Dada, kwa hiyo mwakani nifukue au nisifukue?”

Nilishika ile ripoti, nikaisoma tena kuanzia juu.