Aliomba Msamaha, Kisha Akasema Turudie

Mnaosoma safu hii kwenye ubao wa matangazo wa shule kila Ijumaa mnajua siandiki habari za misiba. Mimi ni mtu wa kuandika foleni ya bombani na mabweni yanayovuja. Lakini yule muigizaji wa kule kwetu juu, ambaye pia alikuwa anaongoza tamthilia, amefariki wiki iliyopita, na tangu tumzike nina hasira ambayo sijui niipeleke wapi. Simtaji jina. Wengi mlimwona kwenye runinga, na kuna waliomwita kwa jina la yule shemeji mbaya aliyemwigiza, aliyemfukuza mjane, wakamfuata nalo hadi sokoni. Kwangu alikuwa jirani. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi nikishuka shule, naye akaitikia marahaba kwa sauti ile ile ya kwenye runinga, nikawa naongeza mwendo kwa aibu.

Alikaa Dar miaka mingi na kazi hazikumkosa, ila zilikuwa kazi za aina moja. Akipewa nafasi ya Mchagga, basi ni Mchagga mwenye duka, mchoyo, anayevuta maneno mpaka watu wacheke. "Nimeigiza uchoyo hadi nikaanza kumfichia mke wangu sukari," alimwambia baba siku moja, wamekaa barazani kwetu. Baba alicheka, yeye hakucheka. Ndipo akarudi nyumbani, akapanga chumba mtaa wa Majengo, mjini, cha kufanyia uhariri, akaanza kuongoza tamthilia yake mwenyewe, ya watu wa mlimani wanaoongea kama tunavyoongea sisi. Hapo nilimheshimu sana, na bado namheshimu. Ndiyo maana nimekasirika.

Hadithi aliyoichagua ni ya ndugu wawili wanaogombania mpaka wa kihamba, shamba la migomba la urithi. Hakwenda mbali kuitafuta. Yeye na mdogo wake wamegawana kihamba cha baba yao, na katikati kuna mstari wa masale. Aliporudi kumzika mama yao alidai masale yamesogezwa, akamwita mdogo wake mwizi mbele ya ukoo mzima. Baadaye wazee walikuja kukagua, wakakuta mpaka uko pale pale ulipokuwa. Hakuomba radhi. Tangu hapo mdogo mtu akawa anapitia njia ya nyuma kwenda kukata majani ya ng'ombe, asionane naye. Kwa nyie mliotoka mikoa mingine: sale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mpakani, na jani lake ndilo mtu analobeba akienda kuomba msamaha. Ukiletewa hukatai, hata uwe umeumizwa vipi. Na halichezewi.

Ndugu mkubwa aliigiza yeye mwenyewe. Mimi nilipewa nafasi ya binti wa yule ndugu mdogo, binti asiyesema kitu. "Huyu anajua kunyamaza," aliwaambia wenzake. "Nyie wote niliwafundisha, mkashindwa." Siku ya kurekodi tendo la msamaha, kijana aliyekuwa aigize ndugu mdogo hakutokea, alikuwa amepata kazi nyingine Dar. Dada yao mkubwa, mama anayeheshimika sana usharikani kwetu, akavuka masale kwenda kumwita mdogo mtu mwenyewe. Sijui alimwambia nini. Mdogo mtu akaja na gambuti zake za zizini, akakaa kwenye kigoda karibu yangu, akasema, "Nitakaa tu. Mambo ya kuigiza siyajui."

Basi kaka mtu akaenda mpakani, mpaka wenyewe, akachuma jani. Akaja nalo polepole, akapiga magoti. Kwenye karatasi alitakiwa kusema maneno marefu. Alisema tu, "Mdogo wangu, nilikukosea." Nilikuwa nimekaa karibu, nilimwona mdogo mtu akilipokea lile jani kwa mikono miwili. Akajibu kwa Kichagga, maneno ambayo hayakuwa kwenye karatasi yoyote, kwamba laiti mama yao angekuwepo aone. Dada yao alikuwa amefunika mdomo kwa kanga. Mpiga picha mwenyewe alikuwa anajifuta macho.

Kisha muigizaji akasimama, akapangusa magoti. Akageuka kuwa muongozaji.

"Vipi?" akamuuliza mpiga picha.

"Wingu lilipita, mzee. Uso wake umeingia giza."

"Basi turudie. Mdogo wangu, rudisha jani."

"Nirudishe?"

"Ndiyo, tunaanza upya. Na safari hii ujibu kwa Kiswahili, watazamaji waelewe."

Mdogo mtu akaliangalia jani, akamwangalia kaka yake. "Kaka, hili umenipa au hujanipa?"

"Ni igizo, bwana. Usitucheleweshe, jua litaondoka."

Akaliweka jani juu ya kigoda, taratibu, kama mtu anayeweka yai. "Basi tafuta mwingine," akasema, akavuka masale akarudi kwa ng'ombe wake. Walimpata binamu yao mmoja kutoka Soweto, mtaa wa hapa mjini, jua likatoka, tendo likarekodiwa vizuri. Mlilipenda. Humu shuleni kuna walioniambia walilia.

Dada yao hakunyamaza. Alimfuata muigizaji mara nyingi kumwambia achume jani lingine, aende peke yake. Mara ya mwisho nilikuwepo, nimepeleka maziwa. "Nitalipelekaje, dada?" akamjibu. "Ataniuliza kamera iko wapi." Akasema atakwenda akimaliza uhariri. Alipomaliza uhariri akasema baada ya Pasaka. Halafu akaugua, na ugonjwa haukumngoja.

Kwenye mazishi walifunga pazia jeupe chini ya turubai, wakaonyesha tendo lile. Binamu wa Soweto akapokea jani kwenye jua zuri kabisa, watu wakapiga makofi msibani. Mshereheshaji akashika kipaza sauti: "Huyu ndiye aliyetufundisha kusameheana." Mdogo mtu aliinuka akaenda zizini. Nilimtafuta mpiga picha nikamuuliza ile ya kwanza iko wapi. "Niliifuta," akasema. "Si ilikuwa na giza?" Mimi huwa siongei na watu wazima nisipoulizwa, lakini nilimfuata mdogo mtu zizini, nikamwambia pole, na kwamba mimi niliona siku ile. Alikuwa anakata mgomba, hakuacha. "Mimi nililipokea, mwanangu," akasema. "Yeye ndiye aliyelidai."

Nimeandika haya kwa sababu mimi pia niko hivyo. Kila ninachotaka kumwambia mtu nakiandika kwanza kwenye daftari, nakikata, nakiandika tena mpaka kipendeze, na mara nyingi siku ya kukisema haifiki. Yule mzee alitumia maisha yake kutafuta tendo moja la kweli kuhusu watu wetu. Alilipata, likiwa na giza na Kichagga na gambuti zenye mavi ya ng'ombe, akasema turudie. Kwa hiyo wewe mwenye jambo na mtu, nenda nalo leo, hata sauti ikikutoka vibaya. Na akishakupokea, usimwambie arudishe eti hakukuwa na mwanga.