Fundi aliyepishwa kiti Nyanungu

Saa nne kasoro dakika sita asubuhi, Rahabu Machage anageuza simu yake kifudifudi juu ya meza. Leo hampigii mtu.

Chumba chake cha kazi kiko Nyamisangura, Tarime mjini, nyuma ya duka la mbegu. Kina meza moja, kompyuta mbili na feni isiyozunguka. Kwenye skrini kuna orodha ya zahanati kumi na nne za wilaya za Tarime na Serengeti. Tisa zina alama ya kijani. Tano hazina.

Nyuma yake amesimama meneja wake, Nashoni, mikono ameifunga mgongoni. Hana ukali. Amekuja kuona tu, kwa sababu muda wa majaribio wa miezi mitatu unaisha leo Ijumaa. Zile tano zikishindikana tena, kazi inapewa kampuni ya Mwanza inayotuma mafundi kwa gari, na nafasi ya Rahabu inafutwa.

Rahabu ana miaka 29. Alizaliwa Kerende, kwenye familia ya wakulima, akasomea kompyuta Musoma ngazi ya stashahada, kisha kwa miaka minne akatengeneza simu kwenye kibanda kando ya stendi. Shirika binafsi la afya lilipomwajiri kwa majaribio, kwa shilingi 520,000 kwa mwezi, lilimpa jukumu moja: kuzitunza kompyuta za zahanati zote bila kutoka ofisini.

Kazi ya kwanza ilionekana ndogo. Majibu ya vipimo vya damu, ambayo zamani yalisafirishwa kwa bodaboda mara mbili kwa wiki kutoka maabara ya Tarime, sasa yangetumwa kwa mtandao na kuchapwa zahanati. Kilichobaki ni kuunganisha printa mpya kwenye kompyuta ya kila muuguzi, kwa kutumia programu inayotuma amri kwa kompyuta zilizo mbali.

Wiki ya kwanza programu ilimjibu kwamba amri imefanikiwa kote. Hakuna zahanati hata moja iliyochapa karatasi.

"Ile programu inaingia kama mwenye nyumba, ina funguo zote," anaeleza Rahabu. "Lakini kila muuguzi ana chumba chake humo ndani, na printa inatakiwa iwe chumbani kwake. Mimi nilikuwa naiweka sebuleni. Yeye akiwa chumbani haioni."

Alirekebisha. Aliiagiza programu ipitishe amri kwa jina la mtu aliyefungua kompyuta kwa saa ile. Zahanati tisa zilikubali siku hiyo hiyo. Tano zilirudisha jibu moja: hakuna mtumiaji aliyeingia.

Tano hizo ndizo za mbali zaidi, Kerende na Nyanungu zikiwamo. Kwa kuwa mtandao wa huko unakuja na kuondoka, Rahabu alikuwa na utaratibu wa kupiga simu kwanza. Alimpigia muuguzi wa Nyanungu, Mama Klementina, akamuuliza kama yupo kwenye kompyuta. Mama akasema yupo, anaandika mgonjwa. Rahabu akamshukuru, akamwambia anaingia sasa hivi kwenye mashine yake. Akatuma amri. Hakuna mtumiaji aliyeingia.

Alirudia kwa siku kumi na sita. Alikagua ruhusa za akaunti, akaangalia kama kinga ya virusi inazuia amri, akaondoa programu na kuiweka upya. Alijaribu kwenye kompyuta yake mwenyewe, ikakubali mara zote. Akaishia kuamini kwamba kosa ni la mtandao, na kwamba programu inadanganya.

"Nilimwamini mama, sikuiamini mashine," anasema. "Kumbe wote wawili walikuwa wanasema kweli."

Jumanne ya wiki hii alikodi bodaboda kwa pesa yake hadi Nyanungu, zaidi ya saa mbili za vumbi, kompyuta yake ikiwa mgongoni ndani ya mfuko wa nailoni.

Klementina ana miaka 54 na amefanya kazi ya uuguzi kwa miaka 29, yaani umri mzima wa Rahabu. Alipokea shikamoo yake, akamkagua juu mpaka chini na kusema kwamba kwa sauti ya kwenye simu alidhani fundi ni mtu mnene.

Rahabu akaomba akae kwenye benchi la wagonjwa, afanye kazi kama anavyofanya akiwa mjini. Klementina akaendelea kuandika. Kisha Rahabu akasema maneno yale yale ya kila siku: "Mama, naingia sasa hivi kwenye mashine yako."

Klementina akahifadhi alichoandika. Akatoka kwenye akaunti yake, skrini ikarudi pale panapoombwa neno la siri. Akasimama, akapangusa kiti kwa upande wa kanga, akasogea hadi dirishani.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Si umesema unaingia? Nimekupisha."

"Kila siku huwa unanipisha?"

"Sasa mwanangu, tungekaa wawili kwenye kiti kimoja?"

Rahabu akasogea kwenye kompyuta. Alifungua kumbukumbu za kompyuta ile, ambazo hakuwahi kuziangalia kwa saa na dakika. Siku baada ya siku Klementina alikuwa ametoka kwenye akaunti yake dakika moja au mbili baada ya kupigiwa simu. Kabla ya simu alikuwa ndani. Wakati amri inafika hakuwamo. Aliporudi mjini akazifungua kumbukumbu za zahanati nyingine nne, akakuta hali ni ile ile. Wauguzi wote watano walimpokea fundi kama anavyopokelewa mgeni: kwa kuondoka kwenye kiti.

Zile zahanati tisa za karibu zilikubali kwa sababu hakuwahi kuzipigia.

Ndiyo maana leo simu imelala kifudifudi. Kuna jambo jingine amelibadilisha pia. Amri haitapotea ikikuta hakuna mtu. Itasubiri hadi muuguzi atakapofungua kompyuta kwa jina lake, ndipo iunganishe printa na kutoa karatasi moja ya majaribio.

Saa nne kamili anabonyeza. Kerende inageuka kijani kabla Nashoni hajavuta kiti. Ya pili na ya tatu zinafuata. Ya nne inachukua dakika kumi na moja.

Nyanungu inabaki na alama ya kusubiri. Saa nne na robo. Saa nne na nusu. Nashoni anatazama saa yake na kushauri kwamba labda mama apigiwe, aambiwe afungue mashine.

"Nikimpigia atanipisha," anasema Rahabu.

Nashoni anacheka kidogo puani, anakaa.

Saa tano kasoro dakika tisa alama inabadilika kuwa kijani. Muda mfupi baadaye simu inatetemeka mezani. Ni Klementina. Alikuwa akizalisha, ndiyo kwanza amenawa na kufungua kompyuta, na printa imetoa karatasi bila kuguswa na mtu.

"Fundi, umo humu ndani?"

"Nimo, mama."

"Basi niondoke?"

"Kaa hapo hapo, mama. Fanya kazi yako."

Nashoni anasimama na kusema mkataba wa mwaka mmoja utakuwa tayari Jumatatu. Afike asubuhi ofisini kwake kuusaini. Anamuuliza kama ana ombi lolote la kuandikwa humo.

Rahabu analo. Anaomba nauli ya bodaboda kwenda mara moja kwenye kila zahanati kati ya zile kumi na tatu ambazo hajawahi kufika kikazi. Nashoni anamkumbusha kwamba aliajiriwa ili mtu asisafiri.

"Najua," anasema Rahabu, akiilaza simu yake chali mezani. "Nikishaona wanavyokaa, sitasafiri tena."