Mkono Uliofungwa Khanga

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, si ile niliyokatwa titi. Siku ile nililala usingizi wa dawa, sikuona kitu. Ninayoikumbuka ni siku ya tatu baada ya kutoka hospitali, nikiwa kwa dada yangu Winfrida hapa Majengo. Wanawake wa jumuiya ya kanisa walikuja kuniona, na mmoja akavua khanga yake ya juu, akaufunga mkono wangu wa kulia kifuani kama mtu anayebeba mtoto mchanga. Akasema mkono huu umefanya kazi ya kutosha, sasa ulale. Wote wakaitikia, na mimi nikafurahi.

Sikufichi kitu. Nilikuwa mjane wa Namtumbo, mlima tumbaku, na tangu nimepata akili nilikuwa mtu wa kubeba. Sasa nikaletewa uji kitandani, nikaogeshwa, nikasukwa nywele. Na kwetu huku unajua ilivyo: mgonjwa aliyetoka kupasuliwa akionekana ameshika hata ufagio, aibu inamwendea mwenye nyumba, watasema anamtumikisha. Basi Winfrida akanilinda. Nikinyoosha mkono kuchukua kikombe, ananipiga kofi dogo na kunirudisha nilale.

Kule hospitali walikuwa wamenipa karatasi yenye picha za mwanamke anayenyanyua mkono, anayekunja ngumi, anayetambaza vidole ukutani. Nikaiweka chini ya godoro. Nimesoma mpaka la nne tu, lakini picha zile zilikuwa wazi kabisa, siwezi kuisingizia shule.

Mwezi wa tatu tangu kupasuliwa nikafungua khanga. Mkono ukagoma. Haukufika hata begani. Na ulikuwa umevimba, kuanzia kwapani mpaka vidoleni, ngozi imetutumka kama muhogo uliolowekwa. Ukiubonyeza kidole, shimo linabaki. Nikaanza kununua blauzi za mitumba zenye mikono mipana, maana miaka ile marobota yalikuwa yameanza kumwagwa sokoni na mtu ulichagua utakacho. Nilichagua za kufichia.

Ndipo shemeji yangu Damasi akaja kunijulia hali. Mdogo wa marehemu mume wangu, mtu mcheshi, mwenye maneno mengi na masikio makubwa. Lazima nikueleze kilichomleta. Zamani tumbaku yetu ilinunuliwa na ushirika peke yake, unangoja malipo mpaka unasahau ulilima nini. Sasa wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuja na malori yao, na tumbaku ikawa tamu. Mimi nilikuwa na bani langu, ile nyumba ndefu ya kukaushia majani kwa moshi, tuliyoijenga na marehemu tofali kwa tofali. Damasi hakuwa na bani.

Akaunywa uji wangu, akautazama mkono, akasema mbele ya Winfrida, "Shemeji, bani linataka mikono miwili. Wewe sasa una mmoja na mto wa kulalia. Niachie mimi."

Winfrida alicheka kabla hajajizuia. Hata mimi nilitaka kucheka, mwanangu, lakini kilio kilinitangulia. Nikamwambia mavuno yakifika nitapandisha tumbaku yangu banini mwenyewe, na nikishindwa, bani achukue. Niliyasema hayo mkono ukiwa hauwezi kufunga kitambaa cha kichwa.

Sasa sikia ujinga wa mtu mwenye haraka. Jirani mmoja akaniambia maji yale lazima yatolewe. Akaja na wembe, akanichanja chale kumi kwenye mkono. Yakatoka maji kidogo, nikashukuru. Siku mbili baadaye mkono ukawa mwekundu, unawaka, na homa ikanitikisa mpaka meno yakagongana. Winfrida akanipeleka hospitali nimeegemea bega lake.

Walipomaliza kunidunga sindano za siku kadhaa na homa ikaniacha, wakaniita chumba cha mazoezi. Nilimkuta binti mwembamba wa Kiyao, mtu wa Tunduru, jina lake Rehema. Akapiga goti kidogo, akasema shikamoo mama, nikaitikia marahaba, nikadhani nimepata mtu wa kunibembeleza. Akazitazama zile chale. Akaitazama khanga niliyoufungia mkono tena. Akauliza ile karatasi ya picha iko wapi. Nikamwambia iko chini ya godoro.

"Mama," akasema, "huu mkono haujalogwa. Umeufunga mwenyewe, halafu ukaufungulia wadudu mlango kwa wembe."

Nilikuwa na umri wa kumzaa. Akavuta kigoda akakaa karibu yangu na sauti ikashuka. Akanieleza kwamba kwapani mwetu mna vijia vya maji ya mwili, na daktari alipoondoa kansa aliondoa na baadhi ya vijia hivyo. Vilivyobaki ni vichache, na kinachoyasukuma maji yapite humo ni nyama za mkono zinapokaza na kulegea. Ukiufunga mkono, nani atayasukuma? Hakuniambia utapona kama zamani. Alisema uvimbe unaweza kupungua na mkono unaweza kufanya kazi, inshallah, lakini itakuwa kila siku, maisha yote. Nikamweleza habari ya bani. Hakucheka. Akauliza mpokeaji wa tumbaku huwa juu kiasi gani.

Maana kwenye bani, mwanangu, majani hufungwa kwenye ufito, na wewe uliye chini unaunyanyua ufito juu ya kichwa mpaka mtu aliyesimama kwenye boriti aupokee. Nikaagiza Namtumbo kwa kijana wangu Oswin, akapima banini, akaja na kamba ya katani yenye fundo mahali mkono wa mpokeaji unapofika. Tukaitundika ukutani kwa Winfrida.

Rehema akanifunga bendeji ya kuvutika na kunifundisha kuifunga mwenyewe. Asubuhi na jioni navuta pumzi mpaka tumboni, nakunja ngumi na kuikunjua, nakunja kiwiko, nazungusha mabega. Kisha nasimama mbele ya ukuta na vidole vinapanda kama mjusi. Vinapoishia, Winfrida anaweka alama ya mkaa. Alama ya kwanza ilikuwa usawa wa kidevu. Wiki nzima haikusogea, nikautukana ukuta. Wiki iliyofuata ikafika puani. Wanawake wa jumuiya walipoona nanyanyua mkono wakamlaumu Winfrida, naye, Mungu ambariki, akawaambia atakayemfunga huyu khanga tena nitamfunga yeye mdomo.

Baadaye Rehema akaniruhusu ufito mtupu. Kisha ufito wenye matambara, kisha matambara yaliyoloa. Alirudia mpaka nikachoka kumsikia: ongeza kidogo kidogo, na mkono ukianza kuwa mzito, shusha. Mkaa ukapanda ukalifikia fundo.

Mavuno yakaja. Damasi alifika banini mapema, na kwa makusudi akapanda yeye mwenyewe kwenye boriti kupokea. Akasema hatainama kuufuata ufito. Watu wakaacha kufunga majani, wakatazama. Nilikuwa na bendeji yangu, na blauzi ya mikono mifupi, sikuficha kitu. Nikashika ufito uliojaa majani mabichi kwa mikono yote miwili, nikavuta pumzi mpaka tumboni, nikaunyanyua. Ukapita kifua, ukapita kichwa. Nikamwona Damasi ananyoosha mkono, na ufito ukaondoka mikononi mwangu.

Akauweka ufito mahali pake. Halafu akasema, "Lete mwingine, shemeji."

Nikampelekea wa pili, na wa tatu. Wa nne mkono ukawa mzito. Zamani ningekufa kabla sijakiri. Nikamwambia, "Ngoja, mkono wangu unapumzika." Nikakaa kwenye tofali, nimeuweka juu ya goti, nakunja ngumi na kuikunjua. Naye akangoja, miguu imetanuka juu ya boriti, kama kuku aliyelala pabaya. Watu wakacheka mpaka machozi. Bani likabaki langu.

Mkono huu haujawahi kulingana na mwenzake, na leo asubuhi nimeupandisha ukutani kama jana. Basi mwanangu, ukitoka kupasuliwa, usikubali kufungwa kwa huruma. Waulize watu wa mazoezi uanze lini na uanzie wapi, kisha ufanye hata siku usiyotaka. Wembe usiuguse mkono huo, na jeraha dogo lioshe, ukiona wekundu na homa kimbia hospitali. Funga bendeji kama ulivyofundishwa. Na mkono ukiomba kupumzika, pumzisha bila haya, anayekungoja atangoja.

Mungu akupe ukuta wa kupanda na mtu wa kukuwekea alama, na mkono wako ufike utakapo.