Kalavati Kwanza

Siku yangu ya kwanza kwenye genge la reli, Mkaguzi wa Njia alinitembeza kwa miguu kutoka Kilosa hadi visigino vikachubuka. Katika kila kalavati, yaani bomba la zege linalopitisha maji chini ya tuta, aliinama akachungulia. Majani yaliyoota njiani hakuyajali.

"Ndugu Mkaguzi, haya hatuyang'oi?"

"Tutayang'oa tukipata nafasi, kijana. Maji yakikosa pa kupita, hutakuwa na reli ya kupalilia."

Nilimwona mvivu tu.

Miaka ya Ujamaa nikawa mnyapara upande wa kijiji cha Ulaya, kwenye tawi la reli la Mikumi. Wakubwa waliomfuata yule Mkaguzi walipenda mawe yapakwe chokaa ili wageni wasifu, nasi tukawa tunashinda na brashi.

Masika moja tuliamka kambi imejaa maji. Wake zetu walifanya kama kawaida yao: walipanda tuta, maana ndipo pakavu, wakaketi juu ya reli na watoto, magodoro na mbuzi. Vijana wangu wakaanza kuwapandishia vyombo. Nilipotazama upande wa pili wa tuta, mtaro ulikuwa mkavu. Kalavati lilikuwa limeziba, maji yote yanasukuma tuta lenye watoto wetu, na treni ya Kidatu iko njiani.

"Acheni vyombo! Athumani, chukua bendera nyekundu na fataki, kimbia ukaisimamishe treni! Wengine wote kwenye kalavati! Akina mama, fuateni reli mpaka mlimani!"

Fataki zilifungwa juu ya reli. Gurudumu likizikanyaga zinalipuka, dereva anafunga breki.

"Baba Tatu, cherehani yangu inazama!" mke wangu alilia. "Nipe mtu mmoja tu!"

"Sina mtu. Nenda!"

Tukashuka kwa kamba, tukavuta matawi na matope huku udongo ukimeguka juu ya vichwa vyetu. Niliogopa, sifichi. Gogo la mwisho lilipochomoka, maji yalipita kwa kishindo, na kwa mbali nikasikia fataki zikilipuka. Nilikaa kwenye tope nikalia.

Sasa nimestaafu, nalima mpunga Masanze. Vijana wanaokimbilia kazi zote kwa wakati mmoja wananiudhi, nami huwauliza kalavati lao liko wapi.

Cherehani ile haikushona tena. Juzi mjukuu wetu alimwuliza bibi yake kwa nini haitupi.

"Babu yako aliiacha izame," akamjibu. "Siku ile mama yako nilikuwa nimembeba mgongoni, juu ya tuta."