Mlango Uliofunguka Bila Kelele

Saa tatu asubuhi, Fundi Bawaba amepiga magoti kwenye korido ya chuo, sikio kalitega kwenye mlango wa darasa. Anausukuma kwa kidole kimoja. Mlango unalia kidogo, naye anakunja uso kama mtu aliyetukanwa.

"Huyu anaumwa hapa," anasema, akigusa bawaba ya juu.

Ana miaka hamsini na minane. Thelathini kati ya hiyo ameimalizia hapa, akitunza milango mia mbili na kumi na minne kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Goti la kushoto limeshaanza kumgomea.

"Mlango ukiwa mzima, mtu anapita tu," anasema. "Ukiharibika ndiyo wanauliza, fundi yuko wapi?"

Mwaka jana binti mmoja, mwanafunzi wa filamu wa mwaka wa mwisho, alimfuata karakana machozi yakimlengalenga. Filamu yake ilihusu mama anayeishi peke yake, asijue kuna mtu kajificha chumba cha pili. Binti aliweka kila kinachotarajiwa: taa za kuzimika ghafla, muziki wa kupandisha roho, mlango wa kulia kwiii. Alipoionyesha darasani, wenzake wakaangua kicheko. Zilibaki siku sita aikabidhi kwa ajili ya mtihani.

"Fundi, nitengenezee mlango unaolia zaidi," alimwomba.

"Mwanangu, miaka yote nanyamazisha milango, leo unataka niutie kilio?"

Hata hivyo aliitazama filamu mara mbili, kompyuta ikiwa juu ya meza ya randa. Kisha akauliza, "Huyu mama akisikia mlio, si anageuka?"

"Anageuka."

"Basi kashaokoka. Na usipolia?"

Binti akaruka. "Watu wameshazoea mlio, watausubiri! Sisi tunauona mlango, yeye hauoni!"

Kwenye darasa walilochagua kupigia picha, fundi akatia kipande cha kadibodi nyuma ya bawaba ya juu, mlango ukainama ili ufunguke kwa uzito wake wenyewe. Mara ya kwanza ulibamiza ukuta. Akapachika vipande vya ngozi ya kiatu kikuukuu kuupunguzia kasi, akapaka nta ya mshumaa. Alijaribu siku tatu. Alasiri ya siku ya tatu mlango ulifunguka wote kwa sekunde arobaini, bila mkono, bila sauti.

"Vinyweleo vilinisimama," anakumbuka. "Nimeutengeneza mwenyewe, nikauogopa mwenyewe."

Msimamizi wake hakuona cha kustaajabia. "Kesho saa sita nikiukuta umepinda hivi, mkataba wako usahau."

Kesho yake walianza kupiga picha saa nne. Mara ya kwanza mwigizaji alipiga chafya. Mara ya pili mtu alipita koridoni akiimba. Ya tatu ikakubali, saa sita kasoro dakika kumi, na fundi akaung'oa mlango aunyooshe kabla msimamizi hajafika, huku jasho linamtiririka.

Siku ya maonyesho alikwenda na mkewe. Ukumbi ulijaa, watu kama mia tatu. Kwenye filamu, mama anamenya viazi, mgongo kaupa mlango, anaimba kwa chini chini. Mlango ukaanza kujongea.

"Geuka, mama. Geuka," mtu wa kiti cha mbele alinong'ona.

Mama akaokota kiazi kingine. Hakuna aliyekohoa. Mkewe alimbana mkono kwa kucha. Mlango ukafika mwisho, ukaachama, na pale mlangoni hapakuwa na mtu. Ndipo ukumbi mzima ulipopiga ukelele.

"Niligeuka nikawaangalia," anasema Fundi Bawaba. "Watu mia tatu wanatazama mlango. Hakuna anayepepesa."

Binti alifaulu, na sasa anaandika filamu yake ya kwanza nje ya chuo. Kamwomba fundi ajenge ngazi, kazi anayotarajia kuimaliza kabla ya mwaka kuisha. Mchoro ameshauchora kwenye ubao wa karakana: vidaraja kumi na vitatu, mbao zenye nafasi kati yake.

"Anayepanda hatumwonyeshi, wala hatumsikii," anaeleza, akipitisha kidole kwenye mchoro. "Utaona vumbi tu, linadondoka. Kidaraja cha kwanza. Cha pili."

Kidole kinapanda tena.

"Cha tatu," anasema taratibu.